MTOTO AMEANGUKA MASOMO: TOKA NAYE, USIMTOE NYUMBANI

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata njia yake mpaka Siku ya Mwisho.



Somo la Ijumaa hii linahusu jambo lililo ndani ya nyumba nyingi za waumini mwezi huu, nalo ni mtoto aliyeanguka masomo. Tutaangalia namna Mtume wetu (s.a.w.) alivyowatendea watu walioanguka mbele ya macho yake, na namna sisi tunavyoweza kumsaidia mtoto ajifunze kutokana na kuanguka kwake. Tutaona pia kwamba dawa moja iko karibu na haiombi franka nyingi: kutoka pamoja na jamaa na kutembea na mtoto.

1. PODA NYEUPE NA MLANGO WA NYUMA

Mwanzo wa mwezi wa 7, siku ya kutangaza matokeo, mnaona wenyewe mitaa yetu ya Kindu. Watoto walioshinda wamemwagiwa poda nyeupe kichwani, wanaimba, mama zao wanapiga vigelegele. Jambo hilo si baya; furaha ya halali ni neema. Lakini siku hiyohiyo yuko mtoto mwingine anayerudi kwa njia ya nyuma. Amevaa shati jeupe kama wenzake, lakini kichwa chake hakina poda. Anaingia kwa mlango wa jikoni, na buletini ameikunja mfukoni.

Wewe mzazi unaifungua, unaona asilimia 38. Sasa sikiliza maneno yanayotoka katika kinywa chako. Mmoja anasema: “Wewe ni mjinga tangu kuzaliwa.” Mwingine anasema: “Mwangalie mtoto wa jirani.” Mwingine hasemi kitu, anachukua fimbo. Kwa mvulana tunasema: “Kesho uende kwenye machimbo, utafute pesa yako.” Kwa msichana tunasema: “Masomo yameisha, tutakutafutia bwana.” Na maneno haya si ya mchezo. Mkoa wetu wa Maniema una kasiterite na dhahabu, na katika machimbo wamo watoto ambao safari yao ilianza na neno la hasira la siku ya buletini. Na msichana wa miaka 15 kuolewa kwa sababu alianguka klasi ni dhuluma, tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaikataza ndoa ya mtoto.

Mimi ninayeandika karatasi hii nimeshaanguka katika mtihani huu wa wazazi. Mwaka mmoja mwana wangu wa pili alileta buletini mbaya. Nilimpiga mbele ya wageni, nikamwambia aondoke machoni pangu. Aliondoka kweli. Tulimtafuta siku mbili, tukamkuta kwa mjomba wake, ng'ambo ya mto, huko Alunguli. Mjomba hakumwuliza kitu juu ya asilimia. Alimpa jembe wakaenda pamoja shambani, na njiani mtoto akamwambia jambo ambalo sikulijua mwaka mzima: alikuwa haoni maandishi ya ubaoni. Fimbo yangu haikuleta ukweli huo. Ulikuja njiani, mtoto akitembea na mtu asiyemwogopa.

2. WATU WALIOANGUKA UHUD

Ndugu zangu, turudi kwa Mtume wetu (s.a.w.). Mwaka wa 3 wa Hijra, ndio mwaka 625, Makureshi walikuja na watu karibu 3.000 kuupiga mji wa Madina. Waislamu waliobaki na Mtume kwenye mlima wa Uhud walikuwa karibu 700. Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, mkubwa wao akiwa Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasitoke mahali pale, hata wakiona wenzao wanashinda au wanashindwa.

Mwanzo Waislamu walishinda. Wapiga mishale wakaona adui anakimbia na mali imeachwa chini. Wengi wao wakashuka kilimani kwenda kuchukua, na mkubwa wao akiwakataza. Khalid bin Walid, ambaye siku ile alikuwa bado hajasilimu, aliona kilima kimebaki karibu kitupu, akazunguka nyuma na wapanda farasi. Waislamu 70 wakauawa, mmoja wao akiwa Hamza, ami yake Mtume. Mtume mwenyewe aliumizwa usoni na jino lake likavunjika.

Tupime jambo hili. Asilimia mbaya ya buletini inatuumiza roho. Lakini kosa la wale wapiga mishale liliua watu 70. Kama kuna kiongozi ambaye angekuwa na haki ya kuwafukuza watu wake, ni Mtume siku ya Uhud. Je, alifanya nini?

Jibu liko katika sura ya Aal Imran. Aya ya 159 inamweleza Mtume kwamba upole wake kwa watu wale ulitokana na rehema ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kama angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, wangetawanyika na kumwacha. Kisha anaamriwa awasamehe, awaombee msamaha, na ashauriane nao katika mambo. Watu wale wameanguka jana tu, na Mwenyezi Mungu anaamuru waulizwe tena shauri!

Lakini sura hiyohiyo haikuficha kosa. Aya ya 152 inasema wazi kwamba walilegea, wakabishana, wakaasi amri. Na aya ya 165 inawajibu wale waliouliza msiba huu umetoka wapi: umetoka kwao wenyewe. Kwa hiyo kuna upole, na kuna ukweli, vyote viwili pamoja.

Tena kuna jambo la tatu. Kesho yake Mtume (s.a.w.) alitangaza kutoka kuwafuata Makureshi, ili wasije wakarudi juu ya Madina. Alitaka watoke naye nani? Wale waliokuwa Uhud jana, na vidonda vyao. Walikwenda naye mpaka Hamra al-Asad, karibu maili 8 kutoka Madina. Aya ya 172 inawasifu wale walioitika baada ya kujeruhiwa. Safari ile haikuwa ya starehe, ilikuwa ya vita. Lakini sisi wazazi tuishike kwa jambo moja: wale walioanguka hawakuachwa nyumbani na aibu yao. Mtume alitoka nao.

3. MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kwanza, upole. Upole maana yake si kusema kwamba asilimia 38 ni nzuri. Ni kumhakikishia mtoto kwamba bado ni mtoto wako. Anas bin Malik aliingia kumtumikia Mtume akiwa mtoto wa karibu miaka 10, akamtumikia miaka 10. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba katika miaka yote ile Mtume hakumwambia hata “ah!”, wala hakumgombeza kwa nini umefanya hili, kwa nini hukufanya lile. Siku moja alimtuma kazi, Anas akasimama sokoni kuangalia watoto wanaocheza. Mara akashikwa shingoni kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume, naye anacheka! Akamwuliza tu, kwa jina la kumpendeza, kama amekwenda pale alipotumwa. Anas akasema ndiyo, ninakwenda. Hadithi hii iko kwa Imamu Muslim. Kazi haikusahauliwa, lakini mtoto hakuvunjwa.

Pili, ukweli. Tafuta sababu, na uitafute bila woga, hata kama itakurudia wewe mwenyewe. Mtoto alifukuzwa mara ngapi sababu ya minervali? Tangu 2019 Serikali imetangaza masomo ya shule za msingi za umma kuwa bila malipo, lakini sekondari minervali ingali inalipwa, na siku tatu nje ya klasi kila mwezi ni somo lililopotea. Alikuwa na malaria wiki ya mitihani? Anaona vizuri ubaoni, anasikia vizuri? Msichana wako anarudi shuleni, kisha maji, kisha sombe ya kutwanga, kisha mtoto mgongoni. Daftari anafungua saa ngapi, na kwa taa gani? Nyumbani anasema Kiswahili, mtihani unamwuliza kwa Kifaransa. Je, alikosa kujua jambo, au alikosa maneno? Na kama sababu ni uvivu, mpira na simu, basi hilo pia lisemwe kwa jina lake.

Tatu, shauri. Mwulize mtoto mwenyewe: “Wewe unaona tufanye nini?” Halafu nyamaza umsikilize. Mtoto aliyeulizwa shauri anachukua mzigo kama wake. Mtoto aliyepewa amri tu anaubeba kama wa baba, na baba akigeuka anautupa.

4. KWA NINI KUTOKA NA KUTEMBEA?

Pengine unasema: mambo haya tunaweza kuyasema nyumbani. Ni kweli, lakini nyumbani kuna majirani, wageni na wadogo zake wanaosikiliza. Mtoto akiwekwa katikati ya sebule anajiona yuko mbele ya hakimu. Njiani mnatembea bega kwa bega, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na mdomo unafunguka.

Mtume (s.a.w.) alijua jambo hili. Somo kubwa la kumtegemea Mwenyezi Mungu, ambalo Tirmidhi amelipokea kutoka kwa Ibn Abbas, halikutolewa kwenye mimbari. Ibn Abbas alikuwa kijana mdogo, amepanda mnyama nyuma ya Mtume, na humo safarini Mtume akamfundisha amhifadhi Mwenyezi Mungu, amwombe Yeye, na ajue kwamba viumbe wote wakikusanyika hawataweza kumfaa wala kumdhuru ila kwa kile Alichoandika Mungu. Maneno machache, na kijana aliyabeba maisha yake yote.

Tena Mtume alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.) safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Safari nyingine Mtume alishinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni malipo ya ile. Abu Dawud ameipokea. Jamaa inayocheza pamoja inawafundisha watoto kushindwa bila kununa na kushinda bila kujivuna. Mtoto aliyezoea kushindwa katika mchezo na baba yake hatauona mwisho wa dunia siku ya buletini.

Na Qurani, katika sura ya Al-Ankabut aya ya 20, inatuamuru tutembee katika ardhi na tuangalie namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Huku kwetu kiangazi ndicho wakati wake. Mvua imepungua, njia zimekauka, shule zimefungwa mpaka Septemba. Tusiache wiki hizi zipite kwa kununiana.

5. NAMNA YA KUTOKA

Haiombi gari. Chagua siku moja, mkishasali Alfajiri. Mama apike wali na sombe, mchukue karanga na maji ya kunywa safi. Nendeni jamaa nzima, lakini yule aliyeanguka mpe kazi ya heshima: yeye ndiye abebe mkeka, au yeye ndiye achague mahali pa kukaa. Ndugu yake aliyeshinda asizungumze juu ya pointi zake siku hiyo. Mwambie mbele, kwa siri.

Ukienda kwenye ukingo wa Lualaba, kaa na watoto mahali salama. Wasioge mahali msipopajua, na kama mnavuka, usipande mtumbwi uliojaa watu kupita kiasi. Roho ya mtoto ni amana.

Hapo mwulize: “Mto huu unakwenda wapi?” Mwache aeleze kwa Kiswahili. Pengine atakuambia kwamba unashuka mpaka Ubundu, kwamba huko meli haziwezi kupita kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma, kwamba ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani, iliyomalizika mwaka 1906, na kwamba kisha ya Kisangani mto unaitwa Kongo. Kama anajua haya yote na katika jografia alipata sifuri, basi umeshapata sababu: tatizo ni Kifaransa, au ni woga, si akili. Kama hajui, mfundishe hapohapo, na mto uko mbele yake.

Tafuta mvuvi anayeshona wavu wake. Jioni jana samaki walimtoroka. Leo hakuutupa wavu mtoni, wala haupigi fimbo. Ameketi, anaupitisha mkononi polepole, anatafuta tundu. Akiliona anashona hapo tu, palipo pazima hapagusi. Mwonyeshe mtoto, halafu chukua buletini, mwitazame pamoja kama wavu ule. Matundu yako wapi? Hesabu, Kifaransa, sayansi? Palipo pazima ni wapi? Hakuna buletini isiyo na sehemu nzima. Anza kwa kusifu hiyo.

Adhuhuri ikiingia, salini hapohapo mlipo, maana umma huu umepewa ardhi yote kuwa mahali pa kusalia. Mwachie kijana wako, kama amekwisha kufikia umri wa kuelewa, aadhini. Sauti iliyotoka katika aibu inarudi na nguvu kwa jina la Mwenyezi Mungu.

6. MKISHARUDI NYUMBANI

Matembezi bila kazi ya kufuata ni upepo. Jioni hiyo mkubaliane mambo machache, yaandikwe kwenye karatasi:

a) Somo gani mbili ataanza kurekebisha mbele ya Septemba, na saa ngapi kila siku. Nusu saa ya kila siku inafaa kuliko siku nzima ya hasira.

b) Nani atamsaidia. Yaya yake, mwanafunzi mkubwa wa jirani, au mwalimu. Nenda wewe mwenyewe umwone mwalimu au prefe, ukaulize kwa adabu mtoto anashindwa wapi.

c) Wewe mzazi utabadilisha nini. Kazi za jioni zigawanywe kati ya wavulana na wasichana. Taa ipatikane. Macho yapimwe. Mwana wangu alipowekwa tu benchi ya mbele, kabla hatujapata miwani, mambo yalianza kubadilika.

d) Kama shule imeamua arudilie klasi, arudilie. Kurudilia klasi si laana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayesoma Qurani kwa shida, ulimi ukikwama, ana thawabu mara mbili. Anayejaribu tena kwa taabu hadharauliwi mbele ya Mola wake, nasi tusimdharau.

Na hapa tuseme neno moja kali. Wako wazazi wanaotoka usiku na bahasha kwenda kununua pointi. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Ukinunua buletini umemfundisha mtoto mambo mawili: kwamba hawezi, na kwamba uongo unaweza. Mwaka wa egzame ya Leta utamkuta hajui kitu, na wewe hutakuwa na bahasha ya maisha yake yote. Afadhali asilimia 38 ya kweli kuliko 55 ya haramu. Kwa ile ya kweli anaweza kujengwa.

Na wewe kijana uliyeanguka, unayesoma karatasi hii ukiwa umekaa safu ya nyuma: Mtume wetu amekuusia ufanye bidii katika lile linalokufaa, umwombe Mungu msaada, wala usilegee, na jambo likikupata usikae ukisema “lau ningefanya hivi”, maana “lau” inamfungulia shetani mlango. Tubu kwa uvivu wako kama ulikuwa mvivu, kisha simama. Usiende machimboni. Usifiche buletini. Mwendee mzazi wako, useme: “Baba, nimeanguka, nisaidie.”

7. MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

– Neno la kwanza nililomwambia mtoto wangu siku ya matokeo lilikuwa neno gani? Je, ninahitaji kumwomba msamaha?
– Ninajua sababu ya kuanguka kwake, au ninajua asilimia tu?
– Mara ya mwisho nilitembea na mtoto wangu bila haraka ilikuwa lini?

Kama mtoto wako amekimbilia kwa mjomba au kwa bibi, usingoje arudi mwenyewe. Leo, kisha ya sala hii ya Ijumaa, nenda ukamchukue. Usipeleke mtu. Nenda wewe, mrudi pamoja kwa miguu.

Ee Mwenyezi Mungu, wape watoto wetu elimu yenye manufaa, na utupe sisi wazazi upole wa Mtume wako. Utusamehe maneno yetu ya hasira. Warudishe watoto waliotoka nyumbani, wahifadhi walio machimboni, na uweke amani katika nyumba zetu na katika nchi yetu ya Kongo. Amina.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukishasoma, usitupe karatasi hii chini. Mna ndani yake jina la Mwenyezi Mungu. Mpe jirani ambaye hakufika msikitini leo.